Fimbo Iliyomkaa Mtu Mwingine

Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumatatu, Inspekta alikuwa na kila kitu ambacho mpelelezi mvivu angekitamani: mtuhumiwa aliyekiri, maelezo yenye saini, na katibu wa klabu aliyekuwa akimmiminia chai na kumbembeleza afunge jalada kabla ya kikao cha kamati saa nane mchana. Kilichomkosesha raha ni ile fimbo ya gofu, iliyolazwa mezani juu ya taulo jeupe kana kwamba ni maiti.

Maiti wa kweli alikuwa amepewa mwenzake wa dawati la pili, yule aliyepandishwa cheo mwezi uliopita. Inspekta alikuwa na wivu juu ya jambo hilo, tena wivu wa wazi, wa kula nao na kulala nao. Mwenzake anamsaka muuaji, yeye anamsaka mtu aliyepinda fimbo. Basi alikuwa ameapa moyoni kwamba fimbo hii ataichimba mpaka imtoe jasho.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika gofu kuna fimbo fupi ambayo mchezaji huitumia mwisho kabisa, mpira ukishafika kwenye grini, zile nyasi zilizonyolewa zikabaki chini kabisa, na kilichosalia ni kuusukuma mpira uingie shimoni. Fimbo hii ilikuwa ya mwanamke ambaye klabu nzima ilimwita Bingwa, kwa sababu kombe la wanawake alikuwa amelichukua miaka mitano mfululizo. Mshindi wa mwaka huu alikuwa aende ng'ambo kuiwakilisha nchi. Jumamosi, kwenye fainali, Bingwa alikosa mashimo sita ya karibu, ya kuingiza huku unapiga soga, na mipira yote sita ilipita upande wa kulia. Jumapili mwamuzi akaipima fimbo, akakuta shingo yake, pale ufito unapoingia kwenye kichwa, imelazwa nyuzi tatu zaidi kuliko ilivyotengenezwa. Katibu akapiga simu polisi. Na kabla polisi hawajamaliza kuegesha gari, fundi wa fimbo wa klabu akajitokeza akasema ni yeye.

Inspekta aliyasoma tena maelezo ya Fundi. Mtu wa miaka hamsini na kitu, miaka kumi na tisa kazini hapo, anaishi na mkewe kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana. Bingwa alimletea fimbo Jumatatu iliyopita ifungwe ngozi mpya kwenye mpini, na Fundi akairudisha Ijumaa jioni. Alidai kwamba Ijumaa asubuhi aliibana shingo kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, katikati ya vipande viwili vya mbao kama kawaida yake, akaipinda kwa makusudi. Sababu, alisema, ni yake mwenyewe. Mwisho aliomba jambo moja tu, kwamba mkewe asihojiwe, maana hajui kitu.

Hapo ndipo Inspekta alipoweka kikombe chini. Waliokiri mbele yake walikuwa wengi, na karibu wote walijiombea wao wenyewe. Huyu alikuwa akimwombea mtu mwingine asiulizwe.

Katibu hakuona ajabu yoyote. Yeye alikuwa na nadharia mbili na alizipenda zote sawasawa. Ama Fundi alinunuliwa na yule aliyeshinda fainali, ama Fundi na Bingwa walikuwa na mambo yao yakaharibika. Kwa vyovyote, leo kamati itamfukuza, vyumba vitarudishwa kabla ya jioni, na Afande ataondoka na mtu wake. Inspekta alimsikiliza huku akichokoachokoa kwa sindano kile kibonde chembamba ambapo shingo inakutana na kichwa. Ncha ya sindano ikatoka na unyuzi mwekundu, laini. Aliusugua kati ya vidole, akaunusa. Ulikuwa wa ngozi, na hapakuwa na chembe ya mbao popote.

Mpini nao ulikuwa na la kusema. Ngozi ilikuwa mpya, nyekundu iliyopauka, haijafikisha wiki, na ngozi ya namna hiyo hupata weusi pale tu inaposhikwa. Juu kulikuwa na weusi mwepesi wa mikono miwili. Chini yake, upana wa viganja viwili chini zaidi, kulikuwa na weusi mwingine, mzito kuliko ule wa juu. Mtu mwingine alikuwa ameishika fimbo hii, tena kwa saa nyingi kuliko mwenyewe.

Aliibeba fimbo na taulo lake akatoka nje.

Bingwa alikuwa kwenye grini ya mazoezi, hatua chache kutoka karakana. Alikuwa mwanamke mrefu wa kuinama milangoni, mtulivu, na hakuonekana kuwa na hasira na mtu. Alimweleza Inspekta habari za fimbo yake kama mama anayemsifia mwanawe aliye mbali. Aliulaza ufito juu ya kidole kimoja, fimbo ikatulia bila kuanguka, akamwonyesha jinsi ncha ya kichwa inavyoning'inia chini. Za wengine, alisema, uso hutazama juu mbinguni, nazo ni za watu wanaosukuma mkono moja kwa moja. Mkono wake yeye huzunguka kidogo, na Fundi aliliona hilo kabla yeye mwenyewe hajalijua. Aligonga mpira mmoja ili Inspekta asikie sauti, fupi na ya chini, sauti ya chuma laini.

Inspekta aliuliza siku ya fainali ilikuwaje.

Sauti ilikuwa ile ile, Bingwa akasema, na uzito ule ule. Mpira uliondoka vizuri usoni, ila kila akitazama chini aliona kitu hakijatulia, kama picha iliyotundikwa upande. Alidhani ni macho yake, maana siku ya fainali hata bendera huonekana imeinama.

Inspekta alimwomba asimame kama anavyosimama siku zote, aiweke fimbo chini. Kisha akapiga magoti kwenye nyasi, jambo lililowafanya makedi, vijana wa kubeba fimbo za wachezaji, waliokuwa kivulini waache mazungumzo, akachomeka njiti za kiberiti chini ya kisigino cha kichwa, upande ulio karibu na miguu. Njiti mbili, moja juu ya nyingine, zilipita bila kugusa. Kisigino kilikuwa hewani na ncha imechimbia nyasi. Fimbo ikiwa hivyo uso wake hugeukia kulia, na mipira nayo ndiko ilikokwenda.

"Fundi ataadhibiwa sana?" Bingwa akauliza.

Inspekta akamjibu kwamba sana.

"Mimi simdai kitu. Nikiiambia kamati kwamba sina malalamiko, yanaisha, si ndiyo? Inyooshwe tu fimbo yangu. Hakuna mtu mwingine duniani anayeujua mkono wangu kama yule."

Inspekta aliandika yote hayo. Kisheria mama huyu alikuwa sahihi, mali ni yake, na mwenye mali asipolalamika kamati ingeishia kutoa onyo na polisi kurudi kituoni. Njia ya kutokea ilikuwepo, na ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Aliyefuata alikuwa mshindi mwenyewe, ambaye baada ya miaka mitano ya nafasi ya pili klabu ilikuwa imembandika jina la Namba Mbili, na hata sasa lilikuwa limegoma kubanduka. Inspekta alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akisugua viatu vilivyokwisha kung'aa. Kedi mmoja alikuwa amesema alimwona akitoka karakana Jumatano mchana. Namba Mbili hakukana hata kidogo.

"Nilikwenda kuitazama," alisema. "Miaka mitano nimeiona ile fimbo ikiniua, Afande. Fundi alitoka kidogo, nikaishika. Nikaiweka chini, ikakaa vizuri kabisa, nikatamani kulia. Na mimi alinitengenezea yangu, lakini yangu aliimaliza kwa wiki moja. Ya yule alikaa nayo miezi miwili. Wivu ninao, andika. Lakini mimi ningeiharibu, ningeivunja katikati mbele ya watu."

Inspekta alimwambia ashike fimbo. Namba Mbili alikuwa mrefu kama Bingwa, pengine alimzidi unywele, na chini ya kisigino njiti mbili zilipita vilevile. Kama ingekuwa imeshalazwa Jumatano, kwake pia isingekaa, na yeye anasema ilikaa. Aliyeilaza shingo aliilaza baada ya Jumatano, basi, na kabla ya Ijumaa jioni. Inspekta alifuta jina moja kwenye daftari. Alimwamini. Mtu anayekuambia wivu wake bila kuulizwa mara mbili huwa hana kingine cha kuficha.

Alirudi peke yake kwenye grini na kuitazama fimbo. Inspekta mwenyewe alikuwa mfupi, kiasi kwamba kofia ya kazi ilikuwa inamwongezea heshima kuliko ilivyowaongezea wengine. Aliishika pale kwenye ule weusi wa chini, akainama, akakiweka kichwa kwenye nyasi. Ikatulia. Alichukua njiti, ikagoma kupita. Alichana kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari, kikapita kwa shida. Mikono yake ilikuwa juu kidogo tu ya pale ilipotakiwa.

Basi tangu asubuhi alikuwa akiuliza swali kinyume. Aliyetaka kuiharibu fimbo angeipinda ovyo, popote, alimradi ipinde. Huyu alikuwa ameilaza kidogo, akajaribu, akailaza tena, na akaacha pale pale ilipomkaa. Fimbo haikuharibiwa. Ilikuwa imeshonwa upya, kwa ajili ya mtu mfupi kuliko Inspekta.

Karakana ilikuwa na meza mbili. Kwenye ya Fundi kulikuwa na jiriwa yenye mbao zake pande zote, tupa zimepangwa kwa ukubwa, na ukutani futi za kushonea zimening'inizwa. Kwenye meza ya pili, chini ya dirisha, kulikuwa na visu, gundi, na vipande vya ngozi nyekundu. Mke wa Fundi alikuwa amekaa hapo akifunga mpini wa mtu. Alisimama kumsalimu mgeni, na kimo chake kilimfika Inspekta kwenye nyusi. Inspekta alivuta kiti.

Hakuanza na fimbo. Aliuliza habari za ngozi, inalowekwa muda gani, inavutwaje, na mwanamke akajibu vizuri, mikono ikiendelea na kazi. Kisha Inspekta akauliza kama ngozi hii ikizungushwa kwenye chuma inaweza kukilinda kisipate alama ndani ya jiriwa. Mikono ikasimama.

"Mume wangu ameshasema ni yeye," mwanamke akasema.

"Amesema alitumia mbao."

Inspekta akaweka unyuzi mwekundu mezani, akailaza fimbo kando yake. Akamweleza taratibu kuhusu njiti, kuhusu karatasi, na kuhusu weusi wa mpini. Hakupandisha sauti. Mwisho alimwomba aishike. Mke wa Fundi akaichukua, akasimama nayo kwenye sakafu ya saruji, na vidole vyake vikaingia kwenye weusi wa chini bila yeye kuvitazama. Kisigino na ncha vilikaa sakafuni pamoja. Inspekta hakujisumbua kutoa karatasi.

Yaliyofuata mwanamke aliyasema akiwa amesimama vilevile. Miaka kumi na tisa alikuwa akifunga ngozi kwenye fimbo za watu na hajawahi kuwa na yake. Kisha akaja Bingwa. Mumewe alimpima viganja, akampima kutoka kifundo cha mkono hadi chini, akamfumba jicho hili na lile ajue lipi linaona zaidi. Jioni mezani habari zikawa ni mkono wa Madamu, jicho la Madamu, Madamu anasimama hivi, na kila fainali ikikaribia zikaanza upya.

"Niliona wivu," alisema. "Wivu wa mwanamke, sikatai, lakini niliionea wivu hata fimbo. Kitu kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe si mimi. Jumanne alfajiri nikatoka nayo hapo nje. Nikasukuma mipira. Ikanikataa, ncha ikawa juu. Jumatano ikanikataa tena. Alhamisi nikaitia kwenye jiriwa, kidogo kidogo. Afande, ilipokubali kukaa, niliingiza kumi na moja mfululizo. Nikawa nasikia raha mpaka kwenye magoti."

Inspekta aliuliza kwa nini hakuirudisha ilivyokuwa.

Alikuwa airudishe Ijumaa usiku, akasema, mumewe akilala. Lakini Ijumaa jioni Fundi aliifuta kwa kitambaa kipya, akavaa shati safi, akampelekea Bingwa nyumbani kwake kwa miguu, hakungoja aje kuichukua. Angeweza kumwita pale mlangoni, neno moja lingetosha. Alilitazama lile shati mpaka likapotea, na hakuita.

"Na leo unamwacha afungwe?"

Mke wa Fundi aliketi. Inspekta aliona sura yake ikiwa ngumu, si ya hofu, ni ya mtu aliyechukizwa. Kwani Afande haoni? Fundi akisema ni yeye, kamati itaamuru fainali irudiwe. Madamu atacheza tena, atakwenda ng'ambo. Mumewe alikuwa tayari kumpotezea mkewe nyumba ili yule mwanamke apate nafasi ya pili. Basi na waende naye, wakamfunge, akamfikirie vizuri huko.

Inspekta alitoa maelezo ya Fundi mfukoni, akakunja karatasi ibaki ile sentensi ya mwisho, ya kuomba mkewe asihojiwe, akamwekea mbele. Mke wa Fundi aliisoma, akairudia. Kisha Inspekta akamtuma kedi mmoja amwite Fundi kutoka ofisi ya Katibu alikokuwa akingojeshwa, na Bingwa naye aje, maana mwenye mali lazima asikie. Ilikuwa saa saba na nusu.

Walikuja watatu, Katibu mbele kama kawaida yake, Bingwa akaegemea mlango. Fundi aliiona fimbo mikononi mwa mkewe, akafumba macho.

"Ulijuaje kuwa ni mkeo?" Inspekta akamuuliza. "Na usiniambie tena habari za mbao."

Fundi alimtazama mkewe kana kwamba anaomba ruhusa.

"Jana mwamuzi alipoileta kwangu kuipima," akasema, "niliisimamisha kwanza sakafuni. Ikakaa. Ila haikumkaa Madamu. Ilimkaa mtu anayenifika hapa." Akaweka kiganja chini kidogo ya bega lake. "Mkono wake wa kulia hushuka zaidi akishika kitu kirefu, hata ufagio. Mguu wa kushoto anautanguliza. Nilipoiinamia ile fimbo nilimwona amesimama pale. Sikupima kitu."

"Ukasema ni wewe," mkewe akasema.

"Kwani ningesema nini? Mwezi mzima huzungumzi nami. Nikajua nimekukosea mahali, sikujua wapi. Nilipoiona, nikajua."

"Na fainali irudiwe?"

Fundi hakuelewa anaulizwa nini, na kutoelewa kwake kulionekana na kila mtu karakanani. Mkewe aliinamisha kichwa juu ya mpini. Kisha alimgeukia Inspekta na kumwambia aichane ile karatasi ya maelezo ya mumewe, aandike jina lake yeye, na alitaja siku na saa zote kwa mpangilio, mpaka lile shati la Ijumaa, bila kujipunguzia chochote.

Katibu alitazama saa. Alikohoa, akasema kwa bahati nzuri Madamu alikwisha kumwahidi kwamba hana malalamiko, kwa hiyo kamati inaweza kumalizia kwa onyo, watu wabaki vyumbani mwao, na Afande asipoteze muda zaidi. Alitabasamu kuelekea mlangoni.

Bingwa hakuwa akimtazama Katibu. Alikuwa akilitazama bega la Fundi, pale kiganja kilipokuwa.

"Mimi alinipima siku tatu," akasema. "Kwa futi. Kwa kamba. Alinichora miguu sakafuni kwa chaki, na bado alinirudisha mara mbili kwa sababu alikuwa amesahau vipimo."

Fundi alianza kusema Madamu, akaishia hapo hapo.

"Ulisema umesamehe," Katibu akakumbusha.

"Nilimsamehe fundi aliyekosea." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Huyu mwanamke simsamehe. Andika, Afande. Nalalamika."

Inspekta alimtazama usoni, akautambua ugonjwa aliokuwa nao yeye mwenyewe, kisha akaandika, kwa sababu hakuwa na neno la kisheria la kumzuia. Uharibifu wa mali kwa makusudi, kufika mahakamani Alhamisi. Katibu alisema kwa masikitiko, safari hii ya kweli, kwamba kanuni ni kanuni, na vyumba vitatakiwa kabla ya jioni.

Mke wa Fundi aliisoma karatasi mstari kwa mstari, akatia saini. Aliilaza fimbo mezani. Alimuuliza mumewe waanze kufunga vyombo au zana, na Fundi akasema vyombo, zana anazijua zilipo hata gizani. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, yeye akitangulia na mumewe akimfuata kwa karibu, na baada ya muda kidogo sufuria zikasikika zikishushwa, halafu mwanamke akacheka jambo fulani. Bingwa alibaki pale mlangoni akisikiliza. Inspekta alimnyooshea fimbo yake mara mbili kabla hajaiona.